Utando wa Kilua

Kifuniko cha zamani kilikuwa kimekwisha banduliwa, na mlango ulikuwa wazi.

Mlango, katika lugha ya wodi ile, ni pale mpira mwembamba unapopenya kifua cha mtoto na kushuka ndani ya mshipa mkuu hadi karibu na moyo. Tundu lake halizidi punje ya ufuta, na kila aliyehudumu katika Hospitali ya Watoto ya Vumba Mpya alijua kuwa mauti hayahitaji nafasi pana kuliko hiyo. Zile dawa za kuua vijidudu, zilizowaponya mababu kwa vidonge vya kumeza, zilikuwa zimekwisha nguvu zamani. Vijidudu vilizizoea kama ulimi unavyoizoea chumvi, na majina yake yakabaki vitabuni. Kijidudu kikishaupita mlango, hapakuwa na mjumbe wa kukirudisha. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa pale juu ya ngozi, na aliyeisimamia ni Bi Mwanamize Shee, mkuu wa walinzi wa milango.

Asubuhi ile alikuwa ameinama juu ya Raya, binti asiyetimiza mwaka. Utumbo wa mtoto huyu ulijisokota akiwa mchanga, mabingwa wakaukata sehemu kubwa, na tangu hapo riziki yake yote ilipita katika mpira. Mama yake alikufa kwa uzazi. Baba yake alikuwa ughaibuni, kwenye machimbo, na uwalii wa mtoto aliuacha mikononi mwa babu, Maalim Mzamil, ambaye nusu ya watu wazima wa mji ule walifundishwa naye kusoma Kurani.

Maalim alisimama upande wa kichwani, akisoma kwa sauti ya chini. Alipofika mwisho wa kisomo, aliiteremsha barakoa hadi kidevuni, akainama, akavuta pumzi ili ampulizie mgonjwa, kama alivyowapulizia wagonjwa maisha yake yote.

Bi Mwanamize alilisukuma sinia la chuma katikati yao.

Pumzi ikaishia kwenye chuma, na ukungu ukatanda juu yake.

"Umenizuia kumsomea mjukuu wangu?"

"Kusoma sikukuzuia, Maalim. Nimezuia kupuliza. Baraka ya kisomo hupita hata ukutani. Huu ukungu umetoka kinywani, na ndani yake mna vitu visivyojua Kurani."

"Nimepuliza tangu wewe hujaota meno."

"Na mimi sipulizi hata dawa ya ngozi ili ikauke upesi. Naingoja ikauke yenyewe. Pandisha barakoa yako, baba, tafadhali."

Maalim aliipandisha, kwa hasira ya mtu aliyezoea kutiiwa. Bi Mwanamize aliisugua ngozi kwa dawa, mkono ukienda na kurudi, mbele na nyuma, kisha mikono yake ikatulia hewani huku dawa ikikauka. Katika utulivu huo ndipo alipouona: wekundu mwembamba kama uzi, umeuzunguka mlango upande mmoja. Mtoto hakuwa na homa. Lakini kifuniko cha plastiki alichokibandua kilikuwa kimelegea pembeni kwa jasho na udenda, na uzi ule mwekundu ulikuwa umeanzia pale pale palipolegea.

Akaweka plastiki mpya, akaikandamiza pembe zote, akamwita Daktari Nyange.

Watoto wengine wa wodi ile hawakuvaa plastiki. Walivaa utando hai. Utando ulikuzwa kutokana na maziwa ya mwanamke: chembe hai za mwili wake, pamoja na vile vijidudu vyema vinavyomlinda mwanawe, vililishwa na kutandazwa katika kitalu cha hospitali hadi vikafumana kuwa ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukishabandikwa mlangoni, utando ulikunywa jasho, ukajiziba wenyewe ulipochanika, ukamla kila mgeni aliyekaribia. Ukiwa katika amani ulikuwa na weupe wa maji ya mchele. Ukiwa vitani uligeuka rangi ya zafarani. Kwa kawaida mtoto alivaa utando wa mama yake. Raya hakuwa na mama. Walimjaribisha vipande vya tando za wanawake waliojitolea, wakavibandika mgongoni mwake, na vyote vilinyauka vikadondoka isipokuwa kimoja.

"Tumepata mmoja unaomkubali," Daktari Nyange alimwambia Maalim. "Twahitaji idhini yako tu."

"Alhamdulillahi. Ni wa nani?"

"Huitwa Kilua."

"Kilua ni ua, Daktari. Nimeuliza mwanamke."

Daktari alimtazama Bi Mwanamize. Bi Mwanamize akasema, "Wanaotoa maziwa huitwa kwa majina ya maua. Majina yao hayatajwi. Ndiyo ahadi tunayowapa, nami ndiye niliyeitoa."

Maalim alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Aliposema tena, hasira ilikuwa imemtoka, na palibaki kitu kizito zaidi.

"Mwaka wa Maji, bahari ilipoumeza mji wa kale, mimi nilikuwa kijana. Tulikaa juu ya mapaa. Mtoto akilia alipewa titi lililokuwa karibu, na Mwenyezi Mungu awalipe wanawake wale. Hakuna aliyeuliza titi la nani. Tulikuja kuuliza watoto wale walipokwisha kuoana. Mimi, kwa ulimi wangu huu, ndiye niliyemwambia binti wa dada yangu kwamba mume wake ni ndugu yake wa kunyonya. Walikwisha kuzaa. Yule mume alichukua mto wake wa kulalia, hakuchukua kitu kingine, akatoka. Mpaka leo binti yule akiniona njiani huvuka upande wa pili."

"Lakini huyu hatanyonya, Maalim," alisema Daktari. "Utando hukaa juu ya ngozi."

"Najua watakavyosema wenye elimu. Wengi watasema kisichopita kooni hakifungi undugu. Nami niwaulize, wamekiona kitu hiki? Kinakaa mdomoni mwa mshipa. Chembe zake huingia damuni, sivyo?"

Daktari aligeukia kitanda cha mtoto.

"Sivyo?"

"Baadhi yake huingia."

"Basi mimi silali juu ya neno la wengi watasema. Nipeni jina, nijue mjukuu wangu asiolewe na nani, mkambandike hata sasa hivi. Bila jina, sitii idhini."

*

Ukumbini, mlango wa wodi ulipofungika nyuma yao, Daktari Nyange alikuwa wa kwanza kusema.

"Bandika, Bi Mwanamize. Mwambie mzee ni plastiki ya namna mpya. Hataijua."

"Halafu?"

"Halafu mtoto atakuwa hai, na dhambi tutaibeba wewe na mimi. Mimi mgongo ninao."

"Wewe unao. Raya ataibeba kwa mgongo upi, siku atakapoolewa na mtu asiyemjua?"

"Basi mtaje huyo mwanamke."

"Nimemwapia."

"Hutaki kudanganya, hutaki kutaja. Sasa wataka nini? Maana ule wekundu hausubiri mkubaliane."

Hilo lilikuwa kweli, na Bi Mwanamize hakulipinga. Aliwaita walinzi wa zamu, akawaagiza: asiguse mtu kichwa cha mpira wa Raya ila amekisugua kwa dawa mpaka mkono umchoke, na asiufungue mpira ule kwa jambo linaloweza kungoja. Kisha akavua joho la kazi.

"Nipe hadi alasiri, Daktari. Na ukibandika nikiwa sipo, nitamwambia Maalim mwenyewe."

"Nalijua hilo," alisema Daktari kwa uchungu. "Ndiyo maana nimekuomba wewe."

*

Mwanamke aliyeitwa Kilua alifanya kazi katika mtambo wa kuchujia maji ya bahari, mahali penye mvumo mkubwa kiasi kwamba watu wawili wangeweza kuzungumza siri wakiwa wamezungukwa na watu. Jina lake halitaandikwa hapa pia. Yatosha kujulikana kwamba alizaa bila ndoa, kwamba mwanawe wa kiume alichukuliwa na watu wema wa mji wa mbali wasiojaaliwa mtoto, na kwamba maziwa yake hayakujua kuwa mtoto amekwenda. Yalimbubujika. Akaona kuyamwaga ni kumzika mwanawe akiwa hai, akayaleta hospitalini. Sasa posa yake ilikuwa imekwisha kupokelewa, na mchumba hakujua lolote.

Alipomwona Bi Mwanamize, mwanamke yule alirudi nyuma.

"Mama, uliniapia."

"Na kiapo kipo pale pale. Nimekuja kukueleza jambo, sikuja kukudai."

Akamweleza. Kilua alisikiliza hadi mwisho, macho kwenye mabomba.

"Ana umri gani?"

"Hajatimiza mwaka."

"Kama wangu." Akajifuta mikono kwa upindo wa nguo, ingawa haikuwa na maji. "Basi nitaje. Mtoto asife kwa ajili ya harusi yangu."

Bi Mwanamize aliyasikia maneno aliyoyajia, na hayakumpa raha. Idhini ya mtu aliyebanwa koo aliikataa hata kwa wazazi waliotia saini bila kusoma, angeipokeaje hapa?

"Ila kuna jambo silielewi, Mama," Kilua aliendelea. "Ukinitaja, huyo Maalim atajua. Haya. Na mwanangu huko aliko? Nani atamwambia kwamba Raya ni dada yake? Wale waliomlea hawajui jina langu, wala hawataki kulijua. Siku akija mjini huku kutafuta mke, atamjulia wapi?"

Bi Mwanamize aliona kwamba ni kweli. Jina, hilo jina ambalo asubuhi nzima lilivutwa huku na huku, lingemwangamiza mwanamke huyu na bado lisizuie kile ambacho Maalim alikiogopa.

"Usimwambie mtu neno," alisema. "Wala mimi sijasema. Rudi kazini, mwanangu."

*

Alirudi kwa njia ya kitalu, na hapo mlangoni alimkuta fundi wa mabomba, Bwana Kheri, amepiga magoti mbele ya sinki, mkono umezama hadi kwenye kiwiko.

"Bi Mwanamize, watu wako hawa wamezidi! Hawaoni taabu kutupa takataka zao humu. Tazama!"

Alichomoa donge jeupe lenye utelezi, akalitupa kwenye beseni. Akazamisha mkono, akachomoa la pili, kisha la tatu. Yalikuwa mabaki ya tando, zile kingo zinazokatwa ili utando ulingane na mlango wa mtoto. Sheria ya kitalu ilikuwa kila mabaki yatupwe katika kisahani chake, kwa sababu yakitiwa pamoja majini yalishikana na kuziba bomba. Kila mkulima wa kitaluni alikwisha kukemewa kwa hilo, na wengi walikemewa na Bi Mwanamize mwenyewe.

"Wametupa yote kwa pamoja," alisema fundi. "Asumini na mrihani na sijui nini. Nilidhani nitavuta bonge moja. Ona, hayakuchanganyika. Hili limejikusanya kivyake, na hili kivyake. Yana kabila haya?"

Bi Mwanamize aliinama juu ya beseni.

"Bwana Kheri," alisema hatimaye, "usiyatupe hayo."

*

Alasiri, Maalim alipotoka kusali, alikuta meza imetandikwa katika chumba kidogo karibu na wodi: visahani vya kioo, maji ya vuguvugu, koleo ndogo, vipande vibichi vya tando vilivyokatwa siku ile, na vingine vilivyokaushwa juu ya karatasi. Daktari Nyange ndiye aliyevileta kutoka kitaluni na ghalani. Vingine vilikaushwa tangu mwaka kitalu kilipofunguliwa, na alikwisha kuhakikisha kwamba vikitiwa maji ya vuguvugu huamka.

"Sikuja kukutajia jina," Bi Mwanamize alimwambia. "Nimekuja kukuomba utazame kitu, kisha uhukumu. Chagua vipande mwenyewe. Mimi nageuka, nisione."

Akaupa ukuta uso wake. Nyuma yake alisikia koleo ikigonga kioo, na pumzi ya mzee nyuma ya barakoa.

"Nimetia viwili," alisema Maalim.

"Ngoja vinywe maji."

Baadaye Maalim akasema, "Vinajikunja. Kila kimoja kinampa mwenzake kisogo."

"Basi ni wa wanawake wawili."

Maalim alisoma maandishi ya karatasi. Mlangilangi, na Asumini. Akatafuta tena, safari hii kwa hila: akachukua kipande kikuukuu cha Mrihani kilichokaribia kuvunjika, akakitia pamoja na kibichi cha Mrihani kilichokatwa siku ile, na katikati yake akaweka cha Asumini ili avitenge. Akainama. Vile viwili vilinyoosha kingo zao, vikampita mgeni huku na huku, vikagusana, vikafumana. Maalim alivichana kwa koleo. Vikarudiana. Alivichana tena, kwa nguvu, na vilipokutana mara ya tatu koleo ikamtoka mkononi.

"Lau sahani hii ingalikuwapo Mwaka wa Maji," alisema.

Bi Mwanamize aligeuka. "Raya atakuwa na kipande cha Kilua. Kila mtoto atakayelindwa na Kilua atakuwa na chake. Posa ikija, kabla ya mahari, vipande viwili vitiwe maji. Vikishikana, watu wameshajua, na hakuna aliyetajwa."

"Vipande hivyo visikae hospitalini," alisema Maalim upesi, na sauti yake ilikuwa imekwisha kuwa ya mtu anayepanga jambo. "Hospitali huungua. Hospitali huhama. Kila nyumba ikae na chake." Akatia mkono mfukoni, akatoa kikopo kidogo cha fedha chenye mnyororo, cha kuvaliwa shingoni. "Hiki kilikuwa cha mama yake." Akakiweka kando ya vipande. "Na huyu Kilua, je, ana mtoto aliyemzaa?"

Daktari Nyange alitazama dirishani.

"Kila anayestahili kuwa na kipande atapelekewa," alijibu Bi Mwanamize. "Zaidi ya hapo usiniulize, Maalim."

Mzee yule alikuwa amesikiliza siri za ndoa za watu kwa umri mzima. Alimtazama, akaelewa kwamba kuna kitu, na akaelewa kwamba si chake.

"Sikuulizi," alisema. "Mbandike."

*

Uzi mwekundu ulikuwa umekwisha kuuzunguka mlango wote.

Bi Mwanamize alinawa mikono hadi viwikoni kana kwamba hajawahi kunawa. Alibandua plastiki polepole akiielekeza kwenye mpira, asije akauvuta. Alisugua ngozi, mbele na nyuma. Kisha akangoja dawa ikauke, na hapo, mbele ya ule wekundu, kungoja kulikuwa kugumu kuliko kazi yote. Daktari alisimamia mguu huu, akasimamia ule, lakini hapana aliyepepea wala aliyepuliza. Ngozi ilipokauka, aliutandaza utando wa Kilua juu ya mlango. Utando ulitikisika kidogo, ukajivuta, ukaushika mpira kwa ukingo wake kama mdomo wa mtoto unavyoshika titi.

Papo hapo ukageuka zafarani.

Uliwaka hivyo siku ile, na siku iliyofuata ukakolea zaidi. Homa ilimpanda Raya, ikawa ya juu, ikakaa. Maalim alisoma nje ya kioo hadi sauti ikamkauka. Bi Mwanamize hakuufunua utando hata mara moja. Kuufunua ili atazame kungekuwa kumfungulia adui, naye alijizuia kwa kuishika mikono yake nyuma ya mgongo. Halafu homa ikaanza kushuka. Asubuhi moja, alipoinama juu ya kitanda na taa yake, aliona kwamba katikati ya ile zafarani kumetokea doa la maji ya mchele. Jua lilipopanda, doa lilikuwa limeenea hadi ukingoni. Raya alifungua macho, akalia kwa njaa, kilio cha mtoto mwenye nguvu za kukasirika.

Maalim alikuja na furushi la karatasi.

"Ni doti ya kanga," alimwambia Bi Mwanamize. "Mwanamke akikunyonyeshea mtoto, hukosi kumpa. Mfikishie. Mwambie mjukuu wangu anamsalimu mama yake."

"Nitamfikishia."

"Na katika dua nimtaje nani?"

"Mtaje Kilua, Maalim. Anayeombwa anamjua."

Mzee aliingia wodini, barakoa imekaa vyema juu ya pua, kile kikopo cha fedha kikining'inia kwenye nguzo ya kitanda. Akasoma. Alipofika mwisho wa kisomo, kifua chake kikajaa kwa mazoea ya miaka mingi, na Bi Mwanamize akaushika ukingo wa sinia. Lakini Maalim alikwisha kugeuka. Alikwenda hadi kwenye kona ya mbali, akaupa ukuta uso wake, akapuliza ndani ya viganja vyake mwenyewe. Kisha, kabla ya kurudi kuushika mguu wa mtoto, alikwenda kwenye bomba, akakunja mikono ya kanzu, akaanza kunawa upya.

"Katikati ya vidole, Maalim."

"Naona, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Naona."